Kupe wanapanda ukutani, na mume wangu anataka kumuogesha paka dawa ya ng'ombe

Dokta shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, saa hizi yamenifika hapa ndo maana. Tunaishi Pongwe hapa Tanga, nyumba ni yetu ila haijaisha, ndani tumepiga plasta lakini nje bado ni tofali tupu, na uani tuna kuku wa kienyeji kama ishirini hivi, mbwa mmoja anaitwa Bosi na paka wetu Kipusa ambaye watoto wanampenda kuliko hata mimi mama yao.

Tatizo kubwa ni kupe. Sio wale wa kumuona mmoja mmoja kwenye sikio la mbwa, hawa wanatembea ukutani. Ilianza masika iliyopita, nikawa naona vidudu vya kahawia vinapanda ukuta wa barazani, mimi nikajua ni kunguni, mama mkwe akasema ni papasi, mpaka jirani aliyewahi kufuga ng'ombe akaja akasema hawa ni kupe wa mbwa. Sasa hivi wapo mpaka kwenye fremu ya mlango wa chumba cha watoto, na juzi nimemtoa mmoja kwenye neti ya Imani, nilikaa chini nikalia kwa kweli. Napuliza ile dawa ya mbu na mende, wanakufa ninaowaona, wiki haiishi wapo tena.

Baba Imani akaenda duka la dawa za mifugo akapewa dawa ya kuogeshea ng'ombe, ya chupa ndogo, akaambiwa weka vizibo viwili kwenye ndoo ya maji. Tukamuogesha Bosi, siku ile kupe walidondoka hadi raha, lakini Bosi mwenyewe alilala kutwa nzima hajitambui na mate yanamtoka, kesho yake ndo akawa mzima. Baada ya muda kupe wakarudi vile vile. Tukarudia, wakarudi. Jirani mwingine anasema tumpake oili chafu ya gari ndo kiboko yao.

Sasa Kipusa naye kingo za masikio zimejaa vidoa vyeusi, nilidhani uchafu nikafuta havitoki, ukiangalia kwa karibu ni vidudu vimejichomeka pale pale havitembei. Alafu nimeona vitu vyeupe saizi ya punje ya mchele vimegandia kwenye manyoya chini ya mkia. Baba Imani anasema Jumamosi hii anamuogesha na yeye ile dawa ya Bosi, si imebaki, kwa nini tununue nyingine. Mimi moyo unakataa ila hoja sina.

Na mengine mawili nimalizie. Bosi wiki hii hali vizuri, ugali na dagaa ananusa tu anaondoka, na yeye ni wa kulamba mpaka sufuria. Imani naye ana mstari mwekundu chini ya mguu, unamuwasha usiku halali, na mimi naona kabisa kama unahama, jana ulikuwa karibu na kidole leo umejipinda kuelekea katikati. Mama mkwe anasema dawa ni moja tu, mbwa aondoke hapa, na mtu wa kumchukua kashampata. Watoto wakisikia hivyo ni vilio. Hela yenyewe sio nyingi dokta, nianze na lipi?

Mama Imani, Tanga

*

Marahaba Mama Imani, pole sana dada yangu, na kwa kupe kwenye neti ya mtoto hata mimi ningelia.

Naanza na Jumamosi maana hiyo ina tarehe. Kipusa asiogeshwe hiyo dawa, na hoja ya kumpa baba Imani ni hii. Hujanitajia chupa imeandikwa nini, ila kwa jinsi Bosi alivyolala akatoka mate nahisi ni amitraz, na kama sio hiyo basi ni moja ya ndugu wa cypermethrin, hizo ndizo zimejaa madukani. Amitraz paka hapewi kabisa. Na hizi za cypermethrin na permethrin, ini la paka halina uwezo wa kuzivunja kama la mbwa au la ng'ombe, kwa hiyo kiasi ambacho mbwa anakiogea akaenda zake kucheza, paka anaanza kutetemeka, masikio na ngozi vinachezacheza, baadae degedege, na wengi wanaishia hapo. Alafu paka kazi yake ni kujilamba, kile mlichompaka mgongoni jioni kiko tumboni. Nimeletewa paka wa hivi mara nyingi na karibu wote walipakwa na mtu aliyewapenda. Hata kulala ubavuni kwa Bosi aliyetoka kuogeshwa hizo dawa ni hatari kwake, watenganishe siku mbili tatu. Ikitokea mtu kashampaka, muosheni haraka kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mfungeni kwenye taulo asijilambe, na mbio kwa daktari na chupa mkononi, msimpe maziwa wala msimtapishe.

Kuhusu vizibo. Kizibo sio kipimo, chupa moja kizibo kikubwa nyingine kidogo, na ndoo hivyo hivyo kuna ya lita kumi na ya ishirini. Bosi kulala kutwa ile haikuwa dawa kufanya kazi, ilikuwa ni sumu kidogo imemzidi, na amepona kwa bahati yake. Dawa ya maji inapimwa kwa bomba la sindano kulingana na lebo, na kama lebo haijataja mbwa basi hiyo sio ya mbwa. Oili chafu ndo usithubutu, inaunguza ngozi, akijilamba inamharibu tumbo, akiivuta kwenye mapafu anaweza kufa, na mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Kupe kweli anakufa akizamishwa kwenye oili, hata wewe ungekufa.

Sasa Bosi. Hili la kutokula ndo linanitisha kuliko ukuta wako wote. Leo hii mnyanyue mdomo wa juu uangalie fizi, zinatakiwa ziwe za pinki, ukibonyeza kwa kidole panakuwa peupe alafu rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Mbwa wetu wengi wana fizi nyeusi za kuzaliwa, kama Bosi ni wa hivyo basi vuta kope la chini uangalie nyama ya ndani. Ikiwa nyeupe au ya njano, au mkojo wake una rangi ya kahawa, au anatoka damu puani, usisubiri kesho. Kupe wa mbwa anabeba wadudu wanaoingia kwenye damu, wapo babesia wanaopasua chembe nyekundu ndo mkojo unabadilika rangi, na wapo ehrlichia wanaoingia kwenye chembe nyeupe, hao wanamla mbwa taratibu, leo homa kesho nafuu, baada ya miezi unashangaa damu ya pua haikatiki. Dawa zipo lakini kila mmoja na dawa yake. Ehrlichia ni doxycycline kila siku kwa muda wa wiki nne, na hapo ndo watu wanapokosea, mbwa siku ya tatu anakula wanasema kapona vidonge vinawekwa kabatini. Babesia ni sindano nyingine kabisa. Kwa hiyo yule kijana wa mtaani anayepita na sindano ya OTC (oxytetracycline) ya kila ugonjwa mwambie asante. Bosi achukuliwe damu iangaliwe kwenye darubini, na Tanga mna bahati, kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kipo hapo hapo kwenu. Kama huwa mnaenda nae shamba upande wa Pangani kwenye mbung'o waambie pia, maana nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, haichagui ng'ombe tu, mbwa inampata vibaya na macho yanaweka ukungu.

Twende kwenye kupe wenyewe, na mama mkwe nae asome hapa. Hao sio papasi, jirani wa ng'ombe yuko sahihi. Huyu kupe wa kahawia wa mbwa ni tofauti na wa ng'ombe, yeye ni wa nyumbani, nyasi sio kwao. Jike akishiba damu anajiachia anadondoka, alafu anapanda, ndo tabia yake, anatafuta pa juu penye ufa anajichimbia humo anataga mayai maelfu kisha anakufa. Chukua tochi usiku, zima taa, umulike mahali fremu ya mlango inapokutana na ukuta, na kule nje kwenye viungo vya tofali nyuma ya banda la Bosi. Utaona vichungu vya mayai vya kahawia vinang'aa, maganda makavu ya kupe waliojivua, na vitoto vya miguu sita ambavyo mchana mtu anadhani ni vumbi linatembea. Hivyo vitoto vinashuka vinamtafuta mbwa, vinanyonya, vinadondoka vinarudi ukutani kujivua, vinashuka tena, hivyo hivyo mpaka wawe wakubwa, maana yake kila kupe anapanda kwa Bosi mara tatu na kati ya hizo mara tatu muda wake mwingi yuko kwenye ukuta wako. Kwa joto na unyevu wa pwani mzunguko mzima unaweza kuisha kwa miezi miwili mitatu, na hatuna baridi ya kuwapunguza kama wenzetu wa nyanda za juu.

Sasa umeelewa kwa nini mkiogesha wanarudi? Mlikuwa mnaua wale waliokuwa mezani wanakula, wenzao ndani ya ukuta wanasubiri zamu.

Na hapo ndipo ushauri wa mama mkwe unapogonga mwamba, kwa heshima zote. Kupe mkubwa anaweza kukaa na njaa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Mkimtoa Bosi leo wale wote wa ukutani hawahami nae, wanabaki wanatafuta damu na damu iliyobaki ni ya Imani na mdogo wake. Na huyo aliyekubali kumchukua mnampelekea na kupe wake. Bosi ndo mtego wenu. Akiwa na dawa ya muda mrefu mwilini, kila kupe anayeshuka kumnyonya anakufa, wiki kwa wiki wanapungua bila nyie kuwakimbiza. Sasa hivi kuna vidonge vya kutafuna, vya afoxolaner vinakaa mwezi, vya fluralaner vinafika wiki kumi na mbili, vinatolewa kwa uzito. Bei inauma, sikudanganyi, ila jumlisha chupa za dawa, makopo ya kupuliza na nauli za kwenda dukani uone. Kama Bosi aliwahi kupata degedege mwambie daktari kabla, na kama atakutwa mgonjwa daktari ndo ataamua aanze lini. Kama kidonge hakinunuliki, ulizia dawa ya kupuliza ya fipronil, tena hiyo hata Kipusa anaweza kutumia kwa kipimo cha daktari (mkiwa na sungura msimguse nayo kabisa, inaua). Mikanda ya shingoni mizuri ipo ila na feki zimejaa, ule wa kuuzwa stendi kwenye kijiti pamoja na chaja za simu uache hapo hapo.

Nyumba nayo lazima iguswe. Gunia la katani analolalia Bosi lichomwe, sio kufuliwa, mpe turubai au kipande cha mkeka wa plastiki unaopiga maji ya moto na kuanika juani. Banda kama ni la mbao za paleti hizo nafasi za kati ya mbao ndo hoteli yao. Plasta ya nyumba nzima najua hela haipo, lakini ndoo chache za mchanga na saruji fundi anaziba viungo vya tofali nyuma ya banda na pale barazani hadi juu ya mlango, mkianza na hapo tu mtaona tofauti. Baada ya hapo ndo mpulize, dawa ya jamii ya cypermethrin au deltamethrin iliyoandikwa ni ya ndani ya nyumba, ielekezwe kwenye nyufa, fremu, pembe za dari, nyuma ya kabati, sio kupuliza hewani kama unafukuza mbu. Watoto, Kipusa na kuku wawe mbali mpaka ikauke kabisa, neti na vyombo vitolewe. Rudieni baada ya wiki mbili tatu maana mayai hayafi, yataanguliwa, na mara ya pili ndo mnawakuta wale. Yule utakayemkuta kwenye ngozi ya mtu au ya Bosi mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja, mtumbukize kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha, usimchome na kiberiti. Na mtoto akipata homa siku za hivi karibuni, hospitali mtaje kupe, wasiishie kupima malaria tu.

Kipusa sasa. Vile vidoa vya masikioni sio kupe, ni viroboto wa kuku. Kiroboto wa kawaida anaruka, huyu akijichomeka haondoki, na najua bila kuja kwenu kwamba Kipusa analala bandani kwa kuku au anapitia humo kutafuta panya. Angalia kuku wako usoni kuzunguka macho na kwenye upanga wa kichwani, utawakuta hao hao. Mpake Kipusa vaselini kidogo kwenye kingo za masikio, wakikosa hewa wanalegea unawatoa na kibano taratibu, alafu hiyo fipronil ya daktari. Lakini banda la kuku lisipofagiliwa takataka zote zikachomwa, mtakuwa mnafanya kazi hiyo kila mwezi, maana mayai yanadondoka kwenye vumbi la humo ndo yanakulia. Ile dawa ya unga ya viroboto wa kuku ibaki kwa kuku.

Zile punje za mchele ni vipande vya tegu. Anazipata kwa kumeza kiroboto akijilamba, wale wa kawaida wanaoruka, kwa hiyo nao wapo manyoyani hata kama hujawaona. Dawa yake ni praziquantel ya paka, na usipoua viroboto utamuona tegu tena kabla hujasahau. Msiazime dawa ya minyoo ya mbuzi, albendazole inaweza kuwaharibia damu mbwa na paka, na levamisole ikizidi kidogo tu ni shida.

Mstari wa Imani, ni karibu hakika ni mabuu ya minyoo ya safura ya mbwa na paka. Mayai yanatoka na kinyesi, kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli ndani ya kama wiki yanakuwa mabuu yanayopenya ngozi ya mguu ulio peku. Kwa mtoto yanapotea njia, hayajui pa kwenda, yanazunguka chini ya ngozi ndo maana mstari unahama. Haumuui ila unamkosesha usingizi, mpeleke zahanati apewe dawa ya kumeza, msichimbe na pini wala kuweka barafu. Na sababu inachukua hizo siku mpaka mabuu yakomae, ukiokota kinyesi cha Bosi kila asubuhi na kukifukia au kukitupa chooni unakuwa umekata mnyororo bila senti tano. Kipusa ni mgumu zaidi, anajisaidia pale pale watoto wanapojenga vijumba vya mchanga, kwa hiyo ule mchanga wa ujenzi ufunikeni na turubai. Bosi na Kipusa wote wawili wapewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu.

Hela. Ningekuwa mimi, ya kwanza kabisa ni damu ya Bosi ipimwe, ya pili ni dawa yake ya kupe, ya tatu saruji ya viungo, alafu ndo kupuliza. Kipusa na kuku gharama yao ndogo, kinyesi na gunia ni bure. Kabla hujaenda mpime Bosi uzito nyumbani, baba Imani apande mzani amembeba, ashuke amuache, apande peke yake, utoe. Wauzaji wengi wanakadiria kwa macho na hapo ndo unauziwa dozi ya mbwa wa jirani.

Na ukiwa kwa daktari muulize chanjo ya kichaa cha mbwa, ya Bosi na ya Kipusa wote, maana kwenye barua yako ndefu yote hujaitaja popote.

Dokta